Kidole cha Ombeni

Kila Januari, maduka ya Brussels yakishaondoa mapambo ya Noeli, kwenye rafu za chini karibu na chakula cha paka hujitokeza vifuko vya wavu vyenye madonge ya mafuta yaliyochanganywa na mbegu za alizeti. Ni chakula cha ndege. Watu huvitundika bustanini wakati wa baridi. Mimi hupita kwenye rafu hiyo asubuhi nikitoka kazini, kwenye ofisi ninazosafisha karibu na Schuman, na hata nikiwa nimejifunga skafu mpaka puani, harufu hunifuata: mafuta ya ng'ombe yaliyoganda, mazito, yenye utamu kidogo kama wa sufuria ya jana. Wengine hukumbushwa mama zao na manukato, au na mkate unaotoka tanuruni. Mimi hukumbushwa wangu na chakula cha ndege. Usicheke. Au cheka kidogo, maana mwenyewe alicheka.

Tulikaa Berchem-Sainte-Agathe, katika nyumba za kupangisha za serikali, matofali mekundu mstari baada ya mstari, kila moja na kipande cha bustani nyuma ambacho vitenge vichache vingetosha kukifunika. Baba tulikuwa tumemzika Bukavu kabla ya kuja. Tuliobaki ni mama. Mimi Sifa, kifungua mimba. Mdogo wangu Ombeni, aliyekuwa bado na pengo la meno ya mbele. Na Mapendo, ambaye alibebwa mgongoni hata pale alipoweza kutembea. Jina la mama lilikuwa Nsimire, lakini kanisani na mtaani aliitwa Mama Sifa, kama ilivyo desturi yetu. Nsimire aliitwa na mdogo wake peke yake, yule tuliyemwita maman mdogo, aliyekaa Saint-Josse.

Ukuta mmoja na sisi alikaa bibi mzee, Mflamandi, mjane, jina lake Godelieve. Ulimi wa mama ulilikataa jina hilo, akalikata kama tunavyokata majina yote: Maman Goda. Majira yetu ya kwanza ya baridi, tulikuta kwenye kitasa cha mlango kimetundikwa kifuko cha wavu chenye madonge ya mafuta. Mama alielewa mara moja. Jirani ametuletea chakula cha kutukaribisha, na chakula cha jirani hakiulizwi maswali. Aliyeyusha donge moja kwenye kikaango, akakaangia viazi. Jikoni kulinuka ng'ombe mzima. Mama alionja, akatafuna kwa muda, akatoa ganda la alizeti kwenye jino.

"Bazungu banaweka mbegu mu mafuta juu isiharibike," alisema, kwa uhakika wa mtu aliyekwishaona mengi.

Tukala. Na kwa kuwa kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, kesho yake nilitumwa kwa Maman Goda na bakuli la viazi vilevile, vikiwa na mbegu zake. Bibi yule alitazama viazi, akatazama mbegu, akanitazama mimi, kisha akashika mwimo wa mlango asianguke. Sikuwahi kuona mzungu akicheka vile, mpaka machozi. Alipomaliza akachukua kiazi kimoja, akakila chote, kwa adabu. Halafu akaja kwetu na kifuko kingine na kamba, akamwonyesha mama namna ya kukitundika kwenye mtofaa wetu, mti pekee tuliokuwa nao. Mama alipoelewa, alikaa chini kwenye ngazi ya jikoni na kucheka naye. Hivyo ndivyo walivyofahamiana, na ndivyo ndege walivyoingia katika nyumba yetu.

Majira ya baridi yaliyofuata, mama hakuwa yule wa viazi. Alikuwa ameacha kwenda kazini, kule alikowaogesha na kuwavisha wazee majumbani mwao. Alikaa jikoni, kiti chake kimeegemezwa kwenye radiator inayopasha nyumba joto, blanketi juu ya kitenge, na bangili zake zilikuwa zinateleza mpaka kwenye kiwiko akiinua kikombe. Alisema baridi ya Ubelgiji imemwingia mifupani. Mara kwa mara alikwenda kwa daktari na kurudi na mfuko wa dawa aliouweka juu ya kabati. Mimi niliamini ile habari ya baridi. Sote tulikuwa tunaona baridi.

Ijumaa moja Ombeni alirudi kutoka shule akikimbia. Mwalimu amesema wikendi hii watu wa nchi nzima wanahesabu ndege wa bustani zao. Na Jumatatu kila mtoto atasimama aseme ameona ndege wangapi.

"Hapana," mama alisema.

"Mais maman, mwalimu njo alisema!"

"Kintu iko na pumzi haihesabiwaka. Umwambie mwalimu ahesabu ma kiti ya darasa."

Lazima nieleze hapa, maana najua wengine wenu mmekulia nyumba nyingine. Mama alikuwa binti wa mfugaji, huko milimani Walungu, na kwao ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti, watoto hawahesabiwi kabisa. Ukihesabu kilicho hai, umekionyesha kwa yule anayetaka kupunguza. Mtu akimwuliza ana watoto wangapi, mama alijibu, "Mungu amenipa, wananitosha." Siku moja karani wa commune, ofisi ya serikali ya mtaa, alimwuliza swali hilo mara tatu, na mara tatu mama akamtajia majina yetu, polepole, mpaka karani mwenyewe akahesabu kimya kimya na kuandika. Mama alitoka pale na dhamiri safi. Dhambi ilikuwa ya karani.

Ombeni hakuwa na subira ya karani. Alilia. Si kile kilio cha kutaka kitu, bali kile cha chini kwa chini cha mtoto anayeogopa Jumatatu.

"Batoto bote batasema yabo. Miye nitasema nini? Batanicheka."

Mama aliweka kikombe chini. Nadhani alikuwa hana nguvu za kushindana na machozi siku zile. Akamvuta mpaka magotini pake, akamwambia kwamba baba yake, babu yetu, alikuwa na ng'ombe wengi na hakuwahi kujua idadi yao, wala hakupotewa na hata mmoja. "Mchungaji hahesabu," alisema. "Mchungaji anaita. Kila moja iko na jina. Ile haiitike, njo ile unaenda kutafuta." Basi kesho tungewapa ndege majina, na Jumatatu Ombeni angemwitia mwalimu majina yao, na mwalimu, kama ana haja ya dhambi, angehesabu mwenyewe.

Jumamosi asubuhi nyasi zilikuwa zimekakamaa kwa barafu, na mtofaa umesimama kama ufagio uliosahaulika. Tulijipanga dirishani jikoni. Pumzi zetu zilifanya ukungu kwenye kioo, na mama, kutoka kitini, aliufuta kwa ncha ya kitenge. Kwa muda hakuja mtu, nasema mtu kwa sababu baada ya asubuhi ile sikuweza tena kuwaita vinginevyo. Kisha akaja mweusi tii mwenye mdomo wa njano, akaruka hatua mbili, akasimama, akainamisha kichwa kana kwamba anasubiri sadaka.

"Pasta!" mama alisema, na sisi tukaanguka kicheko, maana kweli alikuwa pasta wetu, suti na kila kitu.

Baada ya hapo hatukuzuilika. Yule wa jamii ya kunguru, mweusi na mweupe mwenye mkia mrefu, aliyepekua kila kona na kuondoka na kipande, aliitwa Douanier, afisa wa forodha, kwa kumbukumbu ya mpaka tuliovuka. Njiwa mnene alikuwa Maman Kilo. Shomoro waliokuja pamoja, wakaimba pamoja na kugombana pamoja, walikuwa Chorale, na mama alidai anaweza kumtambua kila mmoja na sauti yake, kuanzia soprano anayejisikia. Na kulikuwa na yule mdogo wa kifua chekundu, asiyeogopa mtu, aliyetembea na kifua chake mbele. Huyo alikuwa Caporal.

Caporal alikuwa akienda na kurudi, na kila aliporudi Ombeni alipiga kelele, "Caporal mwingine!"

"Ni ule ule," mama alisema.

"Mwingine, maman!"

"Ombeni, jeshi nzima ya ma caporal itatoka wapi? Angalia kale kaguu kake. Ni ule ule."

Maman Goda alikuja kupitia mlango wa nyuma na keki za gaufre za moto ndani ya kitambaa. Aliposikia majina hayo alitaka yote yarudiwe. Alimwunga mkono mama kuhusu Caporal. Hata wanaohesabu, alisema kwa Kifaransa chake cha polepole, hawahesabu anayekuja na kurudi. Wanahesabu wale tu waliowaona kwa pamoja. Wakati huohuo kundi la kasuku wa kijani lilitua juu ya mtofaa kwa makelele, wakaanza kuubomoa mfuko wa mafuta. Brussels nzima imejaa kasuku hao.

"Ba Kinois bamefika!" mama alipiga kelele, na kweli hakukuwa na jina jingine ila watu wa Kinshasa: nguo za rangi, sauti ya juu, na kila mmoja ametokea mbele ya foleni.

Maman Goda alikunja uso. Hao, alisema, hawapendi. Si wa hapa. Kisha akatutazama, sisi sote tulivyojipanga, akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Nous aussi, Maman Goda!" mama alisema, yaani hata sisi si wa hapa. "Nous aussi!" Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakaa muda mrefu kuliko kicheko. Maman Goda alimshika mgongo. Nikaona wale wanawake wawili wakitazamana juu ya vichwa vyetu, na sikuelewa walichotazamana. Nilimpa Mapendo gaufre.

Ingetosha kuishia hapo. Ndege wameitwa, majina yanajulikana, Jumatatu ingepita. Lakini Ombeni alinifuata kwenye chumba kidogo chini ya ngazi tulikoweka viatu na makoti, akaninong'oneza kwamba wenzake watasema namba, na yeye atakuwa mjinga anayesema majina. Mimi nilikuwa mkubwa. Nilikuwa nimesoma sayansi, nilikuwa naongoza darasa langu, na nilikuwa naona haya kidogo kwa mambo ya milimani. Nikamshika mkono nikamwambia, "Njoo. Tutahesabu haraka, maman hatajua." Nikamkunjua vidole kimoja kimoja: Pasta, Douanier, Maman Kilo, Caporal, na Chorale wote. Ombeni hakuwa hodari wa hesabu, lakini siku ile iliingia. Uso wake uling'aa kama taa.

Na kama mtoto aliyejifunza kupiga mluzi, hakuweza kuacha. Alirudi jikoni, Maman Goda akiwa ameshakwenda kwake, kidole bado kiko juu, akahesabu vikombe, akahesabu viti, na kabla sijamkamata kidole kilikuwa kimefika kwetu. "Un," alisema, akimwonyesha mama. "Deux," mimi. "Trois," Mapendo. Na kidole kikaanza kugeuka kuelekea kifuani pake.

Mama hakupiga kelele. Aliinuka kwenye kiti, jambo ambalo siku zile lilimgharimu, akakishika kile kidole, akakikunja polepole ndani ya ngumi ya Ombeni, akaifunika ngumi kwa mikono yake miwili na kuipulizia kama mtu anayepasha moto vidole vya mtoto.

"Siye, usituhesabu, papa," alimwambia mwanawe. "Utuite tu."

Kisha akaniangalia mimi. Alijua ni nani aliyefundisha. Nilisubiri kugombezwa, bure. Alikaa tena, akageukia dirisha, na kwa kitambo kirefu akawatazama Ba Kinois wakimalizia mafuta.

Jumatatu Ombeni alisema namba yake na majina pia, na darasa lilimpigia makofi kwa ajili ya Pasta. Hilo ndilo jambo la mwisho la furaha ninalokumbuka kutoka nyumba ile. Mtofaa ulikuwa haujatoa ua hata moja mama alipofariki.

Kwenye matanga, ukumbi umejaa watu, wamama wa kanisa wanaimba na wengine wanagawa chai, nilimwona Ombeni amekaa kwenye kiti kilichomzidi, mkono wa kulia ameubana chini ya kwapa. Maman mdogo alidhani ameumia. Aliuvuta mkono, akaufungua, akakuta hakuna kitu. Ombeni akaukunja tena. Ilikuwa ngumi ileile. Aliikunja vilevile mama alivyoikunja.

Nilielewa papo hapo. Nilikuwa mtu pekee ukumbini aliyeelewa. Na nikageuza uso.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani ni kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kujihukumu. Nilikuwa nimekaa usiku na mchana na lile tazamo la mama, na hukumu niliyoisoma ndani yake ilikuwa moja: wewe ndiye uliyemfundisha. Kama ningekwenda kwa Ombeni nikamwambia, "Si wewe," angeuliza, kama watoto wanavyouliza, "Basi nani?" Na sikuwa na jibu jingine isipokuwa mimi. Kwa hiyo nilimwacha na ngumi yake, nami nikakaa na yangu, kila mmoja upande wake wa ukumbi.

Maman mdogo alituchukua Saint-Josse, vyumba viwili juu ya duka la mboga, ngazi zinanuka ndizi na majani ya saka-saka. Shuleni Ombeni alikataa kuhesabu. Alisoma vizuri, alichora vizuri, ila ukimwekea hesabu mbele aliweka kalamu chini na kutazama dirisha. Walimu walisema ni mkaidi. Baadaye wakasema ni huzuni. "C'est le deuil, ni msiba, itapita," maman mdogo alisema. Nilikuwa nikisikia hayo kutoka chumba cha pili, na kimya changu kilikuwa kizito mdomoni kama jiwe la mto.

Mgongo wa maman mdogo ulipomzuia kufanya kazi, niliacha shule. Sikufukuzwa wala sikulazimishwa; niliamka asubuhi moja nikavaa sare ya kazi ya usafi badala ya kubeba mkoba. Walimu wangu walisikitika. Mimi, nikwambie ukweli, nilipumua. Nilidhani hiyo ndiyo njia ya kulipa: yule aliyejidai na sayansi aiache sayansi. Nilijiapiza kwamba wadogo zangu hawatatenganishwa, na hawakutenganishwa. Nilipika, nilifua, nilikwenda kwenye mikutano ya wazazi nikiwa na umri unaokaribiana na wa wanafunzi. Na kila nikirudi kutoka kazini, kabla ya kuvua koti, nilitazama viatu mlangoni. Watoto sikuwahesabu tena, la. Nilihesabu viatu. Vikiwepo vyote, moyo ulitulia.

Viatu vya Ombeni vilikuwepo kila siku. Na hapo ndipo nilipokosea njia ya babu yangu, maana viatu haviitiki.

Nilipokuwa karibu na miaka ishirini, tulikuwa tunachambua maharage mezani, maman mdogo akasema tu, kana kwamba ni jambo nililolijua siku zote: "Dada yangu alijua tangu majani inaanguka. Ba docteur bashamwambia. Alikataa tuwaambie batoto mbele ya Noeli." Nikauliza majani gani. Akasema yale yaliyoanguka kabla tu ya baridi ile. Kabla ya ndege.

Niliingia chooni, nikafunga mlango, nikalia kwa furaha. Nalisema kama lilivyokuwa: mama yangu alikuwa na kifo mwilini tayari siku ile, na mimi nililia kwa furaha kwa sababu haikuwa mimi. Nilipotoka, Ombeni alikuwa amesimama jikoni anapaka siagi kwenye mkate, mrefu tayari, kimya, mkono wa kulia umekunjwa kuzunguka kisu. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikafikiri: ana mtihani. Nikafikiri: pengine amesahau, kwa nini nimkumbushe. Kesho. Na unajua kesho ilivyo. Mtu akiipanga vizuri inaweza kukaa miaka. Nilikuwa na dawa ya mdogo wangu mfukoni, nikamwangalia akiugua mezani pangu, nikamwongezea chai.

Alikua, akaondoka. Alipata kazi kwenye ghala huko Liège, akaoa binti mwema wa Lubumbashi, akawa mtu wa simu fupi. Mapendo, ambaye hakumbuki kitu, husema mimi ndiye mama yake, na hunipigia kila siku. Ombeni alikuwa akipiga siku za sikukuu.

Januari iliyopita alinialika. Binti yake alikuwa amefika umri wa kuuliza kila kitu, na jina lake ni Nsimire. Alimpa jina hilo bila kuniuliza, nami sikuthubutu kusema lilivyonichoma na kunifurahisha. Wana roshani ndogo inayotazama ua wa magari. Nilipoingia jikoni, harufu ilinipokea kabla ya mtu yeyote: kwenye chuma cha roshani kulikuwa kumetundikwa kifuko cha wavu.

"Shuleni wanahesabu ndege," mke wake alisema kutoka chumba cha pili, alikokuwa anapiga pasi.

Mtoto alikuwa amesimama kwenye kiti, pua kwenye kioo. Shomoro watatu wanne walikuwa wanagombana. "Un, deux, trois," alisema, kidole kikigonga kioo. Kisha ndege wakaruka, na yeye, kwa kukosa cha kuhesabu, akageuka. Kidole kikaja mpaka kwa baba yake.

"Un."

Mkono wa Ombeni ulitoka wenyewe. Ulikifikia kidole cha mtoto, ukaanza kukikunja, na katikati ukasimama. Aliinua macho akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu ukumbi ule, sikugeuza uso.

"Yaya," alisema, akiniita dada mkubwa kama utotoni, "nilianzia kwake. Unakumbuka? Nilisema 'un' kwa maman."

Kumbe hilo ndilo alilokuwa nalo mkononi miaka yote. Si kwamba alihesabu. Kwamba alianzia kwake.

"Maman alijua mbele ya ndege," nikamwambia. "Tangu majani inaanguka. Ba docteur bashamwambia. Haikukuwa weye, Ombeni. Na miye njo nilikufundisha kuhesabu."

Alikiachia kidole cha mtoto. Pasi ilikuwa inapumua chumba cha pili.

"Nani alikuambia?"

"Maman mdogo."

"Lini?"

Hilo ndilo swali nililolikimbia. Nikamjibu. Nikamwambia alikuwa anapaka siagi kwenye mkate.

"Miaka yote ile?"

"Miaka yote ile."

Alifungua mlango wa roshani akatoka nje bila koti. Nilimwona mgongo tu, na pumzi yake ikipanda. Nilikaa pale na mtoto, na harufu ya mafuta ikaingia na baridi. Sikuomba anisamehe, kuna mambo ambayo ukiyaombea msamaha mapema unakuwa unamdai tena uliyemkosea. Na wakati nikimsubiri, nikiwa mtu mzima, na umri ambao mama hakuufikia, ndipo nilipoelewa lile tazamo. Halikuwa hukumu. Mama hakuogopa kidole cha mtoto wake. Alijua kwamba namba ile ya jikoni haitadumu hata mpaka maua, na hakutaka Ombeni awe nayo, namba ambayo baadaye angelazimika kutoa moja. Alitaka tubaki na majina, kwa sababu jina huwezi kulipunguza. Na mimi aliniangalia kwa kuwa nilikuwa mkubwa, na mkubwa ndiye atakayeachiwa kuita. Nikahesabu viatu.

Ombeni alirudi, masikio mekundu kwa baridi. Hakunitazama. Alipiga magoti mbele ya binti yake, akakikunjua kile kidole alichokuwa amekikunja nusu.

"Endelea, maman," alimwambia, kama mama alivyomwita yeye papa.

Mtoto akahesabu, baba yake, mimi, yeye mwenyewe, na mama yake ambaye hakuonekana bali alisikika. Hakuna kilichotokea. Gari liliwashwa uani.

"Bon. Sasa utuite."

Mchezo huo ulimpendeza zaidi. Alijiweka sawa kwenye kiti, akaanza na yule anayempenda kuliko wote. "Nsimire!" akaita, na mwenyewe akajibu, "Niko!" Ombeni na mimi tulishtuka pamoja. Tangu tulipotoka Berchem hatukuwahi kuwa jikoni pamoja, mimi na yeye, jina hilo likiitwa na mtu akaitika.

"Papa!"

"Niko."

"Maman!"

"Niko hapa, napiga pasi!"

"Tantine Sifa!"

Nilichelewa kuitika. Mtoto akaita tena, kwa nguvu, akidhani sikusikia. Ndipo mdogo wangu akageuza kichwa na kunitafuta kwa macho, huku mkono wake wa kulia ukiwa wazi juu ya goti.

"Yaya," alisema, "unaitwa. Itika."